Mkanda Uliokutwa Wazi

Wewe uliona. Usijifanye unakohoa. Juzi ulipita pale kwenye kona, gari limelala ubavu, vioo vimetapakaa barabarani kama chumvi, na wewe ulifanya nini? Ulipandisha dirisha. Ukaongeza sauti ya redio. Ukamwambia mwenzako, "Hawa watu hawafungi mikanda," kisha ukauliza mchana mtakula nini. Nakujua vizuri. Mwaka jana ulipita vilevile pale lilipoanguka basi la wanakwaya, na mwaka juzi pale lilipobiringika gari la bwana mifugo, na maneno yako yalikuwa yaleyale, hata koma hukubadilisha.

Basi kaa nikusimulie. Wala usiwe na wasiwasi, kisa hiki si cha kwetu. Kwetu mambo ni shwari, na mimi sina ugomvi na ofisi yoyote. Hiki ni kisa cha nchi moja ambako nasikia hata mvua hainyeshi mpaka ipate muhuri.

Katika nchi ile magari yote yaliingia na mikanda yake ya kiwandani. Mikanda ya kawaida, myeusi, haina mbwembwe. Ukiivuta ghafla inakataa, ukigonga inakushika. Watu walikaa nayo miaka mingi bila hata kuitazama. Kisha akateuliwa Waziri wa Usalama Barabarani, Mheshimiwa Madoido, mtu mnene wa mwili na wa maneno, naye akagundua kasoro ambayo wataalamu wote walikuwa hawajaiona.

"Ndugu wananchi," alisema uwanjani, na nakumbuka siku ile alivaa tai mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana, "mikanda hii inatushika vifuani, jirani kabisa na moyo. Nauliza! Ni haki moyo wa mwananchi ushikwe na mkanda wa kigeni?"

Watu wakajibu si haki. Walioshangilia kwa nguvu zaidi ni wale waliokuja kwa miguu.

Miezi miwili baadaye ukazaliwa Mkanda wa Taifa. Ulikuwa na rangi tatu za bendera, na ulitoka katika kiwanda cha shemeji yake Waziri, kiwanda ambacho mpaka wiki iliyotangulia kilikuwa kikitengeneza mabeseni na vibanio vya nguo. Plastiki ya loki, pale mkanda unapofungia, ilikuwa ileile ya mabeseni. Shemeji alisema beseni lake limewahi kudondoka kutoka ghorofani na halikupasuka. Hakuna aliyeliona beseni lenyewe.

Askari wa barabarani wakagawiwa visu. Gari likisimamishwa, askari anapiga saluti, anaingiza mkono, anakata ile mikanda myeusi, na dereva anaambiwa aseme asante. Wengine tulisema asante. Hilo nalikumbuka pia.

Mtu akiuliza kama Mkanda wa Taifa ulijaribiwa, jibu lipo. Ulijaribiwa hadharani. Gari la majaribio liliwekwa juu ya jukwaa, limepambwa kwa maua, halina injini wala magurudumu, ili lisije likamchafulia Mheshimiwa suti. Waziri akaingia, akajifunga, akakaa saa nzima huku bendi ikipiga.

"Nimejitikisa!" alitangaza aliposhuka. "Nimecheka! Nimepiga chafya mara mbili! Haukufunguka!"

Wakuu wa viwango waliandika kwamba mkanda umefaulu kwa asilimia mia, na hiyo chafya ya pili wakaihesabu kama jaribio la ziada.

Kutokana na jaribio hilo Bunge likatunga Sheria ya Mikanda, na katika sheria hiyo kuna kifungu cha saba, ambacho watoto wa shule walikikariri kabla ya kujua kusoma: *Mkanda wa Taifa ukifungwa haufunguki. Kwa hiyo mkanda uliokutwa wazi baada ya ajali haukufungwa.*

Soma tena. Ni sheria nzuri. Kabla yake, ajali zilikuwa zinaua watu. Baada yake, watu wakawa wanajiua wenyewe kwa kutojifunga, na Wizara ikawa haina doa. Katika ajali mia tatu za mwaka wa kwanza, mikanda mia mbili tisini na tisa ilikutwa wazi. Wizara ikatoa taarifa ya masikitiko kuhusu ukaidi wa wananchi.

Ule mmoja uliobaki ni wa karani mmoja wa posta. Loki yake iligoma kufunguka hata gari liliposhika moto. Wazimamoto walifika mapema wakiwa na visu, lakini wakakumbushwa kwamba kukata rangi za Taifa ni jinai, wakasimama kando wakavua kofia. Karani yule alipewa nishani ya Abiria Bora. Picha yake ipo mpaka leo kwenye kila kituo cha ukaguzi, na chini imeandikwa: YEYE ALIFUNGA.

Watu si wajinga. Wakaanza kujifunga kanga juu ya mkanda, wengine kamba ya katani. Wizara ikapiga marufuku. Kosa liliitwa kuonyesha shaka mbele ya mkanda.

* * *

Sasa Siwatu. Huyu alikuwa dereva wa gari dogo la mikate, mwanamke wa miaka thelathini na minne, anapeleka mikate madukani kila asubuhi. Dada yake mkubwa, Chausiku, ni fundi cherehani, na nyumba yao ilikuwa ya watu wawili tu: mama aliwaachia cherehani, baba hakuwaachia kitu. Siwatu alikuwa mwoga wa barabara, na woga wake ulijulikana mtaa mzima. Hawashi gari kabla ya kufunga mkanda, kuuvuta mara tatu, na kusema bismillahi. Wenye maduka walimtania.

"Siwatu, umefunga?"

"Nimefunga."

"Vuta tena tuone!"

Naye huvuta tena, anacheka.

Jumanne moja, kwenye Kona ya Mapera, lori la mchanga lilihama upande wake. Gari la mikate likapinduka mara moja tu, likatua kwa magurudumu, taa zikiwa bado zinawaka. Ajali ndogo, alisema askari, ya kushuka na kulaumiana. Lakini Siwatu alikutwa hatua kumi na nne mbele ya gari, amepita kwenye kioo. Mkanda ulikutwa wazi. Askari akaandika neno moja, akaenda kunywa chai.

Katika nchi ile maiti ya ajali haitolewi mpaka ikiri kosa. Na kwa kuwa haiwezi kukiri yenyewe, ndugu hukiri kwa niaba, kwenye fomu. Lakini kwanza maiti huoshwa, hapohapo, katika chumba kilicho nyuma ya hospitali, kwa sababu waraka wa Wizara unasema Serikali haiwezi kupokea ungamo la mtu asiye safi. Waraka huo uliandikwa na mtu aliyejiona ana akili sana. Mkumbuke.

Mwosha maiti wa kike pale ni Bi. Arafa, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita. Chausiku aliomba kusaidia kumwosha mdogo wake. Bi. Arafa akamwangalia.

"Utaweza, mwanangu?"

"Nitaweza, Bibi."

"Basi shika birika. Usilie ndani ya maji."

Waliposhusha shuka, Chausiku akauona. Kutoka bega la kulia la Siwatu, ukipita kifuani, ukishuka mpaka ubavu wa kushoto, ulikuwapo mstari mpana wa damu iliyovilia, na mwingine kama huo umekata tumbo. Chausiku ni fundi. Ameshona mikanda ya mikoba, ya magauni, ya suruali za wanafunzi, anajua kitambaa kikibana mwili kinaacha nini. Akainama. Hata mfumo wa nyuzi ulikuwa umejichapa kwenye ngozi, ungeweza kuzihesabu.

"Bibi," akasema. "Alifunga."

Bi. Arafa akaendelea kumimina maji.

"Bibi, huu mkanda ulimshika! Ulimshika kwanza, kisha ukamwachia! Unaona?"

"Shika birika vizuri."

"Bibi, nakuuliza, unaona?"

"Mwanangu, mwosha maiti hana macho. Ninachokiona hapa kinaingia kaburini na mwenyewe. Nimeona makovu ya kuchanjwa, nimeona mimba, nimeona vipigo vya waume waheshimiwa. Sijamwambia mtu. Watu wananipa wafu wao kwa sababu hiyo. Siku nikifungua mdomo, nani atanikabidhi mama yake?"

* * *

Dirisha la pili, ukitoka chumba cha kuoshea, ndilo la Afisa Makosa ya Marehemu, Bwana Fumbwe. Mtu mpole, ana mto wa kukalia na kalamu iliyofungwa kwa kamba mezani ili isiibwe na wafiwa.

"Pole sana, dada. Jina la mtuhumiwa?"

"Marehemu."

"Atakuwa marehemu ukishasaini. Kwa sasa ni mtuhumiwa." Akasukuma fomu. "Hapa: *Marehemu hakufunga mkanda kwa sababu ya*, halafu unachagua. Uzembe, haraka, au kiburi. Wengi wanachukua haraka. Inapendeza kwenye matanga."

"Alifunga."

"Samahani?"

"Mdogo wangu alifunga mkanda. Alama iko kifuani mwake. Nenda ukaangalie."

Bwana Fumbwe alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Dada, mimi ni mwanamume, yule ni maiti ya mwanamke, nitaendaje kuangalia? Chagua haraka. Saa nane unazika."

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mikeka, sanda ipo, shekhe yupo. Chausiku alikuwa anahitaji kuweka alama moja tu kwenye kisanduku kimoja. Alishika ile kalamu yenye kamba. Akaandika pembeni, kwa herufi kubwa za fundi anayeandika vipimo: ALIFUNGA.

Bwana Fumbwe akaiangalia karatasi kana kwamba imemtemea mate.

"Fomu haina nafasi ya hilo neno."

"Nimeipatia."

"Muhuri hautashika! Dada, unajua unafanya nini? Bila fomu hatoki. Utamwacha mdogo wako kwenye jokofu kwa ajili ya neno?"

"Usiniulize mimi hilo," alisema Chausiku. "Neno ni lenu. Nyie ndio mnamshikilia kwa ajili yake."

Siwatu akarudishwa ndani. Shekhe akaondoka saa kumi. Siku ya pili majirani wakapungua, siku ya tatu mjomba akaja kumfokea Chausiku kwamba anaitesa maiti, kwani uzembe ni neno gani, si watu wote wazembe? Chausiku hakulala, hakushona. Kila asubuhi alikwenda akakaa kwenye benchi la saruji nje ya mlango wa kijani wa chumba cha maiti. Wafiwa wengine wakipita wanasaini haraka, haraka, kiburi, haraka, na yeye anawauliza wote swali moja: "Mlipomwosha, mliona mstari?" Wengine walisonya. Wengine walisimama katikati ya hatua.

Siku ya tano akaletwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwalimu mwanafunzi. Bi. Arafa aliingia kumwosha. Alitoka mapema kuliko kawaida, mikono ikidondosha maji, akaja mpaka kwenye benchi.

"Sogea nikae."

Chausiku akasogea.

"Na huyu anao," alisema Bi. Arafa. "Begani mpaka ubavuni. Nimeketi mle ndani nikawahesabu. Nimejaribu kukumbuka mmoja wa ajali asiyekuwa nao, tangu walete huo mkanda wa mabeseni. Sijampata." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nilikula kiapo kuficha aibu ya maiti. Nimekaa miaka yote hii nikidhani naficha aibu ya maiti. Hii si yao, Chausiku. Wao wamefunga. Hii aibu ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, anakula."

Kisha akasimama mbele ya dirisha la Bwana Fumbwe na kusema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kazini: "Fumbwe! Andika! Mimi Arafa nimeosha maiti wanawake mia moja na kumi na mbili wa ajali, na wote walifunga!"

Bwana Fumbwe akafunga dirisha. Lakini lilikuwa la wavu.

* * *

Maneno yakatembea. Siku ya sita wakaja waosha maiti wa kiume kutoka misikiti minne. Wakaja wale mabwana wanaowavisha wafu suti na kuwaweka kwenye majeneza ya Kikristo, wakasema na wao vifungo vya mashati wamevifunga juu ya mistari hiyo miaka yote, wakidhani ni wao peke yao. Huo ndio ulikuwa ujanja wa nchi ile: kila mtu alikuwa na siri ileile, na kila mtu alikuwa anaitunza peke yake kwa heshima.

Siku ya saba akaja Waziri mwenyewe. Alikuja na daktari wa Wizara, na daktari akatangulia kusoma.

"Uchunguzi umebaini kwamba ngozi ya raia mkaidi, anapoona ajali inakuja na hajajifunga, hupata majuto makali. Majuto hayo hushuka kutoka begani kwenda ubavuni."

"Majuto yana nyuzi, daktari?" aliuliza Chausiku.

Daktari akageuza ukurasa, akakuta hakuna kitu.

Waziri Madoido akachukua kipaza sauti. Akaongea dakika arobaini kuhusu uhuru, mabeberu, na mabeseni. Alipofika kwenye kusema kwamba yeye mwenyewe yuko tayari wakati wowote kuutolea mkanda ule uhai wake, Chausiku akasimama juu ya benchi.

"Mheshimiwa, twende basi."

"Wapi, mama?"

"Kona ya Mapera. Gari lako lile pale, dereva yupo. Ufunge, tukimbie mwendo aliokuwa nao Siwatu, na pale kwenye kona dereva akanyage breki kwa nguvu. Breki tu. Sikuombei lori."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu walitaka kusikia jibu.

"Bila shaka," alisema Waziri. "Bila shaka! Dereva!"

Dereva, mtu mzima mwenye adabu zake, akaja mbio akauliza kwa sauti ya kawaida, hakujua kipaza sauti kiko wazi: "Mheshimiwa, tuazime gari lipi? Hili letu lina ile myeusi ya zamani."

Watu wote wakageuka kulitazama gari la Waziri.

Waziri Madoido hakuwa mtu wa kushindwa na macho ya watu. Akaweka mkono kifuani. "Ndiyo, ni myeusi," alisema kwa huzuni. "Nimekuja msibani."

Akapanda gari. Kabla ya kuondoka, mlango ukiwa bado wazi, watu wote wakamwona akiuvuta ule mkanda mweusi na kujifunga. Aliuvuta mara tatu.

* * *

Asubuhi hii likatoka tamko. Waosha maiti wote wameachishwa kazi kwa kosa la kuona. Imeundwa Timu ya Taifa ya Usafi wa Marehemu, ambayo ina magari, sare, na ndoo za poda ya rangi ya ngozi. Inafika kesho saa mbili asubuhi. Itaanza na Siwatu. Atapakwa poda begani mpaka ubavuni, atapigwa picha akiwa hana alama, na fomu yake itasainiwa na Wizara kwa niaba ya familia, kwenye kisanduku cha kiburi. Kisha atazikwa na Wizara, mahali ambapo Wizara itapachagua, na dada yake ataarifiwa kwa barua. Picha hiyo ikishapigwa, Mkanda wa Taifa utakuwa umeshinda kesi, na hakuna familia nyingine itakayosikilizwa tena.

Mchana wa leo Bwana Fumbwe alitoka nje kwa mara ya kwanza. Alisimama mbele ya benchi, mto wake mkononi.

"Dada, mimi nina watoto wanne."

"Wanapanda gari?" akauliza Chausiku.

"La shule. Kila siku."

"Wanafunga?"

Bwana Fumbwe alirudi, akafunga mlango wa kijani kwa ufunguo, akautia ufunguo soksini, akamwambia mlinzi kwa sauti ya kiofisi, "Andika ufunguo umepotea. Unaweza kupatikana kesho saa sita mchana, si kabla." Kisha akaja akaweka mto wake juu ya saruji, akamkalisha Bi. Arafa, na yeye akakaa chini.

Kwa hiyo mlango unatakiwa kulindwa kwa muda wa saa nne. Tangu saa mbili wanapofika wenye poda, mpaka saa sita atakapofika mwandishi wa mahakama ambaye wanasheria wawili, waliosikia maneno ya Bi. Arafa, wamemwombea kibali cha kuiona maiti na kuandika alichokiona. Saa nne, na mlango ni wa mbao, na wao wanakuja na shoka. Kwenye benchi sasa hivi wapo watu kumi na tisa, na wengi ni wazee wenye magoti mabovu. Kumi na tisa wanaweza kubebwa. Nimeshaona watu kumi na tisa wakibebwa, ilichukua robo saa. Mia tatu hawabebeki.

Chausiku hataki pole yako, ameshapewa pole za kutosha hata za kuuza. Hataki usambaze habari. Anataka miili, ikae chini, mbele ya mlango wa kijani nyuma ya hospitali, kabla ya saa mbili asubuhi. Kama una gari, chukua kisu, kata hiyo plastiki yako ya rangi tatu uje nayo mkononi wakuhesabu. Kama huna gari, njoo na mkeka. Kama uliwahi kumwosha mtu wako ukauona ule mstari ukanyamaza, wewe ndiye hasa unayesubiriwa, njoo na jina lake.

Usiniambie utajitahidi. Weka chini hii karatasi unayosoma. Inuka, mgongee jirani, twende.